WALIMU WALIOJIFUNZA UALIMU DARASANI

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Iliamua watoto wote waanze shule ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuwa wengi, walimu wachache.

Basi walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walijifunza ualimu vijijini kwa miaka mitatu. Walifundisha watoto, na wao wenyewe wakasoma kwa posta na kwa redio. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache tu. Watu waliwaita walimu wa UPE.

Wao waliyaonaje mafunzo hayo? Wengi waliyasifu kwa jambo moja. Walijifunza kazi mbele ya watoto. Aliyekosea leo, kesho alijirekebisha.

Lakini walikuwa na malalamiko pia. Masomo yenyewe, kama hesabu na Kiingereza, hawakuyajua vya kutosha. Mtu hawezi kutoa asichonacho. Baadaye wengi walirudi masomoni wakapanda daraja.

Ndugu msomaji, walimu hao walidharauliwa. Hata hivyo, watoto wengi wa vijijini walijua kusoma kwa sababu yao. Mwalimu akitaka kujiendeleza, kijiji kisimcheke. Kimsaidie.