Ua la Njano Tunalolifyeka: Somo Kutoka Mahale



Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza juu ya mmea ambao wengi wetu tunaufyeka bila kuujali. Wataalamu wanauita Aspilia. Ni wa ukoo mmoja na alizeti: maua yake madogo ya njano yanafanana nayo, na majani yake hukwaruza mkono kama msasa. Huota vichakani, kwenye mawe na kando ya njia, hata ardhi ikiwa kavu.

Kaskazini ya Ikola, kwenye ufukwe huu huu wa Ziwa Tanganyika, iko milima ya Mahale, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Huko watafiti kutoka Japani wamewafuatilia sokwe mtu tangu mwaka 1965. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika jambo la kushangaza. Huko Mahale na Gombe, sokwe huchuma jani la Aspilia, hulikunja kwa ulimi, kisha hulimeza bila kulitafuna. Mara nyingi ni asubuhi. Jani hutoka kwenye kinyesi likiwa zima. Kwa hiyo si chakula.

Kwanza ilidhaniwa kwamba jani lina dawa kali ya kuua vijidudu, lakini vipimo vya baadaye havikuipata. Katika miaka ya 1990, utafiti ulioongozwa na Michael Huffman ulionyesha kwamba kazi inafanywa na ule ukwaruzaji wenyewe. Majani hupita tumboni upesi na kutoka pamoja na minyoo, kama ufagio.

Huffman alisaidiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa za asili. Mwaka 1989 wawili hao waliandika juu ya sokwe jike mgonjwa aliyefyonza utomvu mchungu wa mjonso, mmea mwingine wa ukoo wa alizeti. Watongwe huutumia kwa maradhi ya tumbo.

Hatusemi watu wameze majani. Mwenye minyoo aende zahanati. Tunachoziomba kamati za parokia ni hiki: kabla kilima hakijafyekwa au kuchomwa moto, kaeni na wazee, ulizeni majina na matumizi ya mimea, na yaandikwe daftarini. Nanyi wafadhili, mnapopima miradi yetu, kumbukeni kwamba kazi hii nayo ni maendeleo. Kichaka huweza kuota tena. Ujuzi wa mzee aliyezikwa haurudi.