Mwili Hujifunza kwa Kuigiza: Mafunzo ya Dansi kwa Watoto Wadogo

Watu wengi hudhani kwamba mtoto anapocheza hufanya jambo lisilo na faida, na kwamba mafunzo huanza pale mchezo unapokwisha. Dhana hiyo ina nguvu hata miongoni mwa walimu. Mtoto wa miaka mitano akirukaruka kama chura huambiwa atulie ili afundishwe. Kisha hupangwa mstarini, akaamriwa kunyoosha mgongo, kukaza magoti na kuinua mikono sawasawa na wenzake. Baada ya dakika chache mstari umevurugika, mwalimu amekasirika, na mtoto amejifunza jambo moja tu, yaani kwamba mwili wake haumtii.

Makala haya yanaeleza kwa nini amri za namna hiyo hushindwa, na kwa nini sura inayojengwa akilini kwa mchezo hufaulu. Mfano utakaotumika ni bale, ambayo ni mojawapo ya dansi zenye kanuni kali kabisa duniani. Ikiwa mchezo wa kuigiza una nafasi hata katika dansi hiyo, basi una nafasi pia katika ngoma zetu na katika mazoezi ya viungo shuleni.

Bale na kanuni zake

Bale ilianza katika majumba ya watawala wa Italia katika karne ya 15 na ya 16, kisha ikapewa kanuni nchini Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis XIV alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mjini Paris, na hadi leo majina ya hatua zake ni ya Kifaransa popote zinapofundishwa. Nyayo zina hali tano za msingi. Miguu hugeuzwa nje kuanzia nyongani, magoti hukunjwa kabla ya kila mruko na baada yake, na mgongo hushikwa wima bila kukakamaa. Kuzimudu kanuni hizi huchukua miaka mingi.

Dansi hii si ya Ulaya peke yake tena. Katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, watoto wamefundishwa bale katika vyumba vya madarasa baada ya madawati kuondolewa. Mmoja wa walimu wao, Mike Wamaya, aliingia mwaka 2017 miongoni mwa walimu 10 wa mwisho waliowania tuzo ya kimataifa ya ualimu iitwayo Global Teacher Prize. Kwa hiyo swali si kama mtoto wa Afrika Mashariki anaweza kujifunza dansi yenye kanuni kali. Swali ni njia gani itumike ili ajifunze bila kuumia wala kuchoshwa.

Kwa nini amri hushindwa

Kusimama kwa mguu mmoja huonekana kuwa tendo jepesi, lakini huhitaji misuli ya unyayo, ya paja, ya nyonga, ya tumbo na ya mgongo kufanya kazi kwa pamoja. Mwili unapoyumba hata kidogo, habari hutoka machoni, katika misuli na viungo, na katika ogani ya mizani iliyomo ndani ya sikio. Habari hizo hupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Huko, hasa katika ubongo mdogo ulioko kisogoni, marekebisho hufanywa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mwenyewe hana habari. Mtu anapojaribu kuongoza kila msuli kwa fikra, huingilia kazi inayokwenda vizuri bila yeye. Ndivyo anavyojikwaa mtu anayeshuka ngazi akianza kuwaza ni mguu upi utangulie.

Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walitoa matokeo ya majaribio kuhusu jambo hili. Watu wazima walijifunza kusukuma huku na huku jukwaa dogo lenye magurudumu, kwa mwendo unaofanana na ule wa kuteleza juu ya theluji. Kundi moja liliambiwa liweke mawazo kwenye miguu yao. Jingine liliambiwa liweke mawazo kwenye magurudumu yaliyokuwa chini ya miguu hiyo hiyo. Tofauti ya maelezo ilikuwa ndogo sana, lakini kundi la magurudumu ndilo lililojifunza vizuri zaidi. Fikra zikielekezwa kwenye matokeo ya tendo, nje ya mwili, mwili huachwa huru kutafuta njia yake.

Kwa mtoto mdogo iko sababu nyingine iliyo wazi zaidi. Akiambiwa akaze misuli ya tumbo, hajui misuli hiyo iko wapi wala inakazwa vipi. Lakini akiambiwa awe korongo anayesubiri samaki na ambaye hataki maji yatikisike, mara moja huinua mguu, hunyoosha shingo na kukaza kiwiliwili. Mambo matatu yametendeka kwa sentensi moja.

Mchezo hauna maana ya fujo

Baadhi ya walimu huhofu kwamba mchezo utaharibu nidhamu. Mtaalamu wa elimunafsi wa Urusi, Lev Vygotsky, alieleza katika mhadhara wa mwaka 1933 kwamba mambo ni kinyume cha hayo. Mtoto anayefanya fimbo kuwa farasi hujifunga kwa kanuni: lazima apande, aendeshe, na ashuke kama apandaye farasi kweli. Hakuna aliyemlazimisha, lakini hakubali kanuni hizo zivunjwe. Baadaye, mwaka 1948, mtafiti Manuilenko wa huko huko alionyesha kwamba watoto ambao hawajaanza shule waliweza kusimama tuli kwa muda mrefu zaidi walipokuwa walinzi katika mchezo kuliko walipoamriwa tu wasimame.

Ushahidi wa jambo hilo uko katika viwanja vyetu. Katika mchezo wa “nyama nyama”, kiongozi hutaja majina ya wanyama. Akitaja anayeliwa, watoto huruka. Akitaja asiyeliwa, hubaki chini. Anayekosea hutoka. Hapo mtoto anafunzwa kusikiliza, kuruka kwa wakati na, jambo gumu kuliko yote, kuuzuia mwili uliokwisha kujiandaa kuruka. Mwalimu wa bale hutafuta mambo hayo hayo.

Fizikia ya kutua kama paka

Sura nzuri huwa na ukweli wa kisayansi ndani yake. Mwalimu akisema, “Tueni kama paka, asisikike hata mmoja,” watoto hukunja magoti na vifundo vya miguu wanapogusa ardhi. Faida yake inaweza kukokotolewa.

Tuchukue mtoto wa kilo 20 aliyeruka na kuanguka kutoka kimo cha sentimita 20. Uzito wake ni karibu nyutoni 200. Akitua kwa miguu iliyokakamaa, tuseme mwili wake unasimama katika umbali wa sentimita 2 tu. Wastani wa kani inayomsukuma kutoka ardhini ni uzito wake ukizidishwa kwa moja kuongeza kimo kugawanywa kwa umbali wa kusimama, yaani 200 × (1 + 20 ÷ 2), ambayo ni nyutoni 2,200. Hiyo ni mara 11 ya uzito wake. Akikunja magoti na kusimama katika umbali wa sentimita 20, kani ni 200 × (1 + 20 ÷ 20), yaani nyutoni 400, ambayo ni mara mbili tu ya uzito wake. Mtoto hajui hesabu hiyo, lakini paka amemfundisha jibu lake.

Mwanzi wa Kitandililo

Sura itafaa tu ikiwa mtoto anaijua. Bale maarufu iliyotungiwa muziki na Tchaikovsky, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow mwaka 1877, inahusu ndege wa majini wa nchi za baridi, mweupe na mwenye shingo ndefu. Mtoto wa Moscow huweza kumwona ndege huyo. Mtoto wa Kitandililo, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, Mkoa wa Njombe, hawezi. Vivyo hivyo mchezo wa ukuti, ambao watoto hushikana mikono na kuzunguka, unazungumzia mnazi, na nyanda hizo za baridi hazioti minazi. Watoto wanaweza kuucheza kwa furaha, lakini wakiulizwa ukuti huyumba vipi, watabahatisha.

Mwanzi wanaujua. Watu wa Njombe huupanda na kuugema ulanzi, na upepo wa Makambako huupinda mbele ya macho ya watoto. Mwanzi huinama kuanzia juu, shina likabaki limeshika ardhi, kisha hurudi wima bila haraka. Mwalimu anayetaka mgongo mrefu, kiwiliwili chepesi na nyayo zilizotulia hana sababu ya kutafuta sura nyingine. Kwa mwendo unaoanza polepole na kuongezeka kwa mapigo yaliyo sawa, liko treni la TAZARA linapoondoka katika stesheni ya Makambako. Kwa mikono inayofunguka bila kurushwa, yuko korongo mwenye taji, ndege wa Afrika ambaye kwa desturi yake hucheza: huinama, huruka na kukunjua mbawa.

Mipaka ya njia hii

Sura mbaya hufundisha kosa. Mwalimu akisema, “Fungueni miguu kama milango miwili,” mtoto atazisukuma nyayo nje kadiri awezavyo. Kama nyonga haikugeuka, goti ndilo litakalosokotwa. Ni afadhali aambiwe kwamba amefungwa tochi mbili magotini, na mwanga wake sharti uangukie vidole vya miguu. Sura hii hulinda goti, kwa sababu inalilazimisha goti na unyayo kuelekea upande mmoja.

Aidha, mifupa ya mtoto haijakomaa. Karibu na ncha zake kuna gegedu linaloendelea kukua, ambalo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Ndiyo sababu walimu waangalifu wa bale hawawaruhusu watoto wadogo kusimama juu ya ncha za vidole kwa viatu maalumu. Kwa kawaida husubiri hadi umri wa miaka 11 au 12, baada ya mafunzo ya miaka kadhaa na baada ya kuhakikisha kwamba misuli ina nguvu ya kutosha. Mchezo hauondoi wajibu wa mwalimu kujua mwili unavyofanya kazi. Kinyume chake, unauongeza, kwa kuwa yeye ndiye anayechagua sura.

Jaribio la kufanya shuleni

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kulichunguza jambo hili kwa saa moja ya mkononi. Watafutwe wanafunzi 20 na wagawanywe kwa kura katika makundi mawili. Kila mmoja asimame kwa mguu mmoja, macho wazi, mikono kiunoni. Kundi la kwanza liambiwe, “Zuia kifundo chako kisitikisike.” La pili liambiwe, “Wewe ni mwanzi, na mizizi yako imeingia ardhini.” Muda wa kila mmoja uandikwe, na wastani wa kila kundi utafutwe. Kisha makundi yabadilishane maelezo na jaribio lirudiwe. Wanafunzi wajadili kwa nini kubadilishana ni lazima, na kama tofauti waliyoipata ni kubwa kiasi cha kuaminika. Kama haikuonekana tofauti yoyote, matokeo hayo nayo yaandikwe.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa elimu Tanzania. Tangu hapo watoto wa miaka mitano na sita wamekuwa na nafasi yao katika uwanja wa shule, na baadhi ya wanafunzi wanaosoma makala haya watakuja kuwa walimu wao. Vifaa vya somo hili ni vichache: uwanja usio na mawe, mwalimu anayejua goti linavyokunjwa, na mwanzi ulioota karibu.