World's End: Vilima Vilivyoponea Mabwenyenye na Nyuklia

Cheki hii, wasee. Karibu na Boston, Marekani, kuna vilima vinne vinaitwa World's End. Viliundwa na barafu: zamani za kale iliteleza juu ya udongo na mawe, ikavilainisha hadi vikakaa nusu yai. Wataalamu huviita drumlini.

1890, Frederick Law Olmsted, jamaa aliyechora Central Park, alipanga mtaa wa mabwenyenye hapo. Barabara zikachongwa, miti ikapandwa, lakini keja hazikujengwa. 1945 pakatajwa kama makao ya UN. 1965, kituo cha nyuklia!

Wenyeji wakasema zii. Wakachanga doo, na 1967 shirika la The Trustees likanunua ardhi. Leo ni hifadhi ya karibu ekari 250.

Mna kijani mtaani kwenu? Msingoje tingatinga ndio mchange.