JE, WAJUA? Kano Ndiyo Hunyumbuka, Msuli Hukaza Tu

Ukimtazama mwanariadha akipita Kedowa, Kericho, alfajiri, utadhani msuli wa shavu la mguu unarefuka na kufupika sana kila hatua. Sivyo. Kwenye tambarare, mguu ukishakanyaga, nyuzi za msuli huo hukaza na kubaki karibu na urefu uleule. Kinachonyumbuka zaidi ni kano ya Akile, kamba ile nene iliyo juu ya kisigino. Kifundo kikikunjwa, kano huvutika kama mpira wa manati, kisha hurudi na kurejesha takriban asilimia 90 ya nishati iliyoivuta. Msuli huokoa nguvu nyingi mno.

Vipimo vya wanariadha wa Kikalenjin vimeonyesha kano ndefu na mashavu membamba, hivyo mguu huwa mwepesi kuurusha mbele. Watu husifu mapafu na hewa ya milimani. Kano hii nayo yastahili sifa. Kericho hiyohiyo ndiko alikotoka mwanariadha Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 800, Tokyo 1964.

Lakini ukipanda mlima, tofauti na kwenye tambarare, msuli wa shavu la mguu hulazimika kujifupisha na kusukuma wenyewe. Ukiteremka, kazi kubwa ya breki huhamia mapajani.