Mauzo, Mapato na Faida katika Fomu za Kodi

Miongoni mwa hati ambazo mwananchi hutakiwa kuzijaza, fomu za kodi zinahitaji uangalifu wa pekee, kwani neno moja lililoeleweka vibaya huweza kumtia hasarani. Hapa tutayatazama maneno manne: mauzo, faida, mapato na kumbukumbu.

Mauzo ghafi ni jumla ya fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa au huduma, kabla ya kutoa gharama yoyote. Faida ni kile kinachobaki baada ya gharama kutolewa. Utata umo katika neno mapato. Katika jina la Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996, mapato ni fedha ziingiazo katika hazina ya Serikali. Katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ni pato la mlipakodi litokanalo na biashara, ajira au uwekezaji. Sokoni, neno hilohilo huweza kuwa mauzo au faida.

Tuchukue mfano wa mwenye genge aliyeuza kwa shilingi 5,000,000 kwa mwaka, akabakiwa na 600,000. Akiulizwa mapato yake, aandike kiasi gani? Kodi ya mfanyabiashara mdogo wa aina yake hukadiriwa kwa kufuata mauzo, wala si faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi 4,000,000 hayakutozwa kodi hiyo. Basi akiandika 600,000 kwa kutoelewa, ataonekana ameficha mauzo yake.

Neno kumbukumbu nalo lina uzito. Kwa viwango hivyo, mwenye mauzo yaliyozidi 4,000,000 lakini yasiyozidi 7,000,000 alitozwa asilimia 3 ya ziada hiyo endapo alitunza kumbukumbu. Asiyetunza alitozwa 100,000. Mwenye genge wetu, kwa hiyo, angelipa 30,000 au 100,000. Lakini kwa watu wengi kumbukumbu ni yale yaliyomo kichwani, ilhali sheria hutaka maandishi.

Inafaa basi fomu iseme mauzo ghafi pale inapokusudia mauzo, na faida pale inapokusudia faida. Kumbukumbu nazo zifafanuliwe: daftari la mauzo na manunuzi, pamoja na stakabadhi. Mfasiri naye asibadili neno kwa kuchelea kulirudia. Na lirudiwe hata mara kumi, maadamu maana ni ileile.