Maji yanayokataa povu

Juma hili nina kesi ya birika. Shangazi yangu alitoka Kisondela, kule Rungwe, akaja kututembelea nyumbani kwetu pembezoni mwa Dodoma. Siku ya pili akaamua kufua nguo za mjukuu wake. Alisugua sabuni ya mche mpaka ikabaki kipande cha kidole, povu hakuna. Juu ya maji yakaelea machicha ya kijivu, na beseni likabaki na utando unaonata. Akanyamaza. Lakini alipofunua birika apike chai, akaona ukoko mweupe ulioganda ndani. Hapo hakunyamaza tena.

"Mwanangu, mnawanywesha watoto chokaa!"

Neno hilo lilimwingia mke wangu. Kesho yake akaacha kuchemsha maji ya kunywa. Hoja yake ilikuwa kwamba bombani maji yanatoka maangavu, ukoko unaonekana yakishapata moto. Basi moto ndio unaouleta. Nikaona hatari imeingia nyumbani, na si ile ya birika.

Shangazi hakukosea, ile ni chokaa kweli. Mvua hunyonya gesi ya kaboni, ile ile inayofukuta kwenye soda, na ikipenya udongoni huinyonya zaidi. Maji ya namna hiyo huwa na asidi kidogo. Yakikutana na chokaa ardhini huiyeyusha na kwenda nayo, pamoja na madini ya magnesi. Hayo ndiyo maji magumu. Dodoma mvua haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na kwa miaka mingi mji umekunywa maji ya visima virefu vya Makutupora, maji yaliyolala chini ya ardhi muda mrefu yakikusanya madini.

Rungwe mambo ni mengine. Huko mvua hupita milimita 2,000. Inaangukia miamba ya volkano, inakimbilia vijitoni na kuingia kwenye mabomba ya mserereko kabla haijapata nafasi ya kuyeyusha kitu. Ndiyo maana Kisondela mtu akigusa sabuni tu povu linafika kiwikoni, kazi ni kulisuuza. Na gesi ya kaboni wanayo ya kuuza. Inatoka ardhini upande wa Kyejo, huvunwa kwa ajili ya viwanda. Wanachokosa ni chokaa. Anayetaka kuona chokaa aende Songwe, ng'ambo ya Mbeya, ambako chemchemi za moto zimejijengea mwamba mzima. Ule ni ukoko wa birika la Mwenyezi Mungu.

Sasa moto unafanya nini? Unaifukuza gesi. Gesi ikitoka, chokaa haiwezi tena kubaki imeyeyuka, inaganda ukutani mwa birika. Moto haukuileta, umeifichua. Tena maji yanayobaki ni laini kidogo kuliko yalivyotoka bombani.

Hasara ipo, sikatai. Sabuni yote ya kwanza inaishia kupigana na chokaa, ndipo inayofuata ianze kufua. Ukoko ukiwa mnene unazuia joto, kwa hiyo mkaa unaongezeka, na wenye hita za umeme wanaunguza koili. Maharage yanachelewa kuiva. Chai nayo inafanya ukungu juu, na mtu aliyezaliwa katikati ya mashamba ya chai hawezi kuvumilia hilo.

Lakini kwa mwili, Shirika la Afya Duniani halikuona sababu ya kiafya ya kuweka ukomo wa ugumu wa maji. Kalsiamu na magnesi mwili unavihitaji. Wanaoogopa mawe ya figo, kwa joto letu la Dodoma, waogope kwanza kunywa maji machache.

Dawa za nyumbani ni rahisi. Maji ya kufulia yatie magadi kidogo usiku, asubuhi chokaa imetua chini. Uchote ya juu. Bibi zetu waliotia magadi kwenye maharage walijua walilokuwa wakifanya. Sabuni ya unga nayo haishindwi haraka kama ya mche. Birika lijaze maji yenye limau au siki, chemsha, acha litulie. Ukoko utatoa mapovu na kulegea. Maji hayo umwage, usipikie chai.

Mke wangu alirudi kuchemsha baada ya mabishano ya siku mbili. Kwa shangazi nilitumia mbinu nyingine. Nilipomsindikiza kwao nikabeba chupa ya maji ya Dodoma. Uani kwake nikajaza chupa mbili, moja ya kwetu na moja ya bomba lao, nikatia kila moja sabuni iliyokwanguliwa sawasawa, nikatikisa. Yao ikafura povu mpaka mdomoni, yetu ikawa kama maji ya mchele. Shangazi akacheka kwa ushindi.

"Sasa haya yenu mnachemsha?" nikamuuliza.

"Ya nini? Si umeona yalivyo masafi?"

Nikamwambia povu halihesabu vijidudu. Kipindupindu na homa ya matumbo vinakaa vizuri tu katika maji laini. Nikamwonyesha juu ya kilima, karibu na kijito kinapochotwa maji ya bomba, ng'ombe wanne wamesimama ndani ya maji.

Akawatazama kitambo. Kisha akaniambia wale ng'ombe si wake, ni wa jirani.