Fahamu: Meno ya Walatino wa Marekani, utafiti uanzie wapi?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62. Kwenye takwimu nyingi za afya ya kinywa, wote hao wametiwa kapu moja.

Hapo ndipo penye kasoro. Kati ya mwaka 2008 na 2011, utafiti mkubwa uliwapima watu wazima zaidi ya 16,000 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego. Mtaalamu wa meno alipenyeza kijiti chembamba cha chuma, chenye alama za milimita, kati ya jino na ufizi, akasoma kina cha uwazi uliopo. Matokeo yalitofautiana kati ya wenye asili ya Meksiko, Cuba, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na kwingineko. Basi kipaumbele cha kwanza kiwe kutenganisha makundi haya.

Cha pili ni pesa. Sheria inataka Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, igharimie meno ya watoto; kwa watu wazima, kila jimbo huamua lenyewe. Mtoto anazibwa jino, mama yake anaugulia lake nyumbani.

Halafu kuna lugha. Mama anayezungumza Kihispania pekee huenda akalazimika kumtegemea mwanawe amtafsirie habari za fizi zinazotoka damu. Ni mzigo usiomfaa mtoto. Watafiti wawaulize kina mama hao kabla ya kuandika hata swali moja la dodoso.